Mtaja Majina wa Kimara

Siku ya kwanza ya kazi tulikuwa watu wanne, na nawataja wote, maana siku hizi nasikia hata waliokuwa hawajaijua Kimara wanasema walikuwepo. Alikuwepo Mzee Gidahola, Mwenyekiti wetu, askari mstaafu, ambaye mama yake na mama wa marehemu mume wangu walikuwa mtu na dada yake. Alikuwepo Bi Zuhura, mwenye nyumba, Mzaramo wa hapahapa. Hatukuwa na udugu naye wa damu, ila ndiye aliyetupangisha chumba cha uani, na tangu siku ile akawa anatugombeza kama ndugu. Alikuwepo mgonjwa wetu wa kwanza, Udagena wa Basotu, aliyekuja kutibiwa macho. Huyo kwetu ni jirani, boma lao na boma la baba yangu walinywesha ng'ombe kisima kimoja. Wa nne ni mie, Anastazia, wengi mnaniita Bibi Stazia. Asiyekuwemo katika hao wanne, hakuwepo.

Sie ni Wabarbaig wa Hanang', watu wa ng'ombe. Wenzetu wengine wanatuita Wamang'ati, jina ambalo hatukujipa wala hatukuulizwa. Tulifika mjini kila mtu na sababu yake: malisho yalipungua, mtoto alifaulu, mgonjwa alipewa rufaa, kijana alisikia kuna lindo la usiku kwenye maghala. Wazee wakaanzisha umoja wetu ili anayetoka nyumbani asilale sakafuni stendi na asizikwe kama mtu asiye na kwao. Umoja ukataka mpokezi. Mpokezi ni mtu anayekwenda kumlaki mgeni kwenye basi, kumfikisha chumbani, kumpeleka hospitali au ofisini, na kusimama naye mpaka shida yake iishe. Ndiyo kazi yangu hiyo, na niliifanya mpaka magoti yalipokataa.

Mwenyekiti alinisaili palepale uani, huku Bi Zuhura anaanika.

"Stazia, unajua kusoma?"

"Nilisoma ngumbaru, Mzee. Nasoma kama mtu anayepanda mlima. Nafika, lakini napumzika njiani."

"Na kukumbuka?"

Nikamtajia ukoo wake, kutoka yeye kwenda juu, baba kwa baba, nikaingia kwa mama zake, nikashuka kwa wajomba, nikawa namwambia nani alihamia Balang'dalalu na nani alibaki. Akainua mkono. "Basi, basi, utanifikisha kwenye madeni ya babu yangu. Kazi unayo."

Bi Zuhura akadakia, "Mwacheni huyu akumbuke na tarehe ya kodi, maana nyie wanaume mnaisahau kabla haijafika."

Mwenyekiti akanifundisha utaratibu. Mgeni akifika, kwanza maziwa, kama hayapo basi maji. Pili kiti. Hajanywa, hajakaa, usimwulize neno. Tatu, umuulize mama yake ni nani, ndipo umuulize yeye ni nani. Halafu akasema lile ambalo ndilo lililokuwa kazi yangu hasa.

"Na mwanamke aliyeolewa usimwulize kamwe jina la baba mkwe wake. Hatakujibu, na utakuwa umemtukana."

Nilikuwa nalijua, lakini nawaeleza nyie mliozaliwa mjini. Kwetu mwanamke akishaolewa halitamki jina la baba yake mume mpaka anaingia kaburini. Wengine huacha hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina lile, wakatafuta mengine ya kuzungukia. Si woga. Mtu akisema ni woga ajue hajawahi kuheshimu kitu. Ni namna ya kumwambia mzee yule kwamba nyumba yake nimeiingia kwa adabu. Na si sie tu. Makabila kadhaa ya nchi hii yanayo, kila moja kwa kiasi chake.

Sasa mlete mwanamke huyo mjini, mbele ya dirisha la hospitali. Karani anataka majina matatu. Ikiwa mgonjwa ni yeye mwenyewe, hakuna tabu: jina lake, la baba yake, la babu yake. Ikiwa mgonjwa ni mtoto wake, jina la kwanza ni la mtoto, la pili la mumewe, na la tatu ni la nani? La baba mkwe. Hapo mdomo unafunga. Karani anauliza mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu kwa hasira, foleni inaguna, mama wa watu anatazama chini. Wengine walidhaniwa mabubu. Mmoja aliitiwa mgambo, wakisema mtoto kamwiba.

Kwa hiyo mie nilikuwa nawatajia. Mnaweza kucheka, lakini ilikuwa kazi yenye ufundi wake. Unafika mapema kabla dirisha halijachangamka, kwa sababu karani wa saa moja ana masikio na karani wa saa nne hana. Unasimama kushoto kwa mama, yeye ataje la kwanza na la pili mwenyewe, maana hayo ni yake na hupaswi kumpokonya. La tatu unalitaja wewe, mara moja, wazi, kisha herufi kwa herufi. Na huondoki dirishani mpaka umeiona kadi kwa macho yako. Herufi moja ikipotea, faili limepotea, na mgonjwa asiye na faili hospitalini ni mtu aliyekuja kutembea.

Karani mmoja aliniuliza, "Bibi, kila siku uko hapa na mama tofauti. Wewe ni nani wake?"

"Mdomo wake," nikamjibu.

Akatazama chale zilizozunguka macho yangu, akasema, "Nyie Wamang'ati mna vituko."

"Kituko ni kuuliza jina la mtu halafu ukalikataa alilokupa. Sie ni Wabarbaig. Andika."

Akaandika.

Nilikuwa na jina moja tu duniani nisiloweza kulitamka, la baba mkwe wangu mwenyewe. Majina mengine yote ya Hanang' yalikuwa halali kinywani mwangu, na nilijivuna nayo kama mtu mwenye zizi lililojaa.

Baada ya miaka kadhaa Mwenyekiti alinihamishia Temeke. Huko nilikuwa chini ya Mratibu, mwalimu mstaafu aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Wagonjwa Temeke walikuwa wachache, kazi ilikuwa "mzunguko": kupita vyumba walivyopanga walinzi wetu na familia zao, kujua nani kajifungua, nani kafukuzwa lindo, mtoto wa nani haendi shule. Jumamosi Mratibu alikuwa anafundisha watoto lugha yetu katika chumba tulichoazimwa na kanisa, na mie nilikuwa nakaa nyuma kuwasahihisha. Alikuwa ananiambia, "Bi Stazia, usiwacheke wakikosea." Namwambia, "Siwacheki Mwalimu, nakucheka wewe. Umewafundisha salamu ya mchana na sasa ni asubuhi."

Huko Temeke nilipata shoga, Udahida, mke wa mlinzi. Mwanawe wa kwanza, Marko, alikuwa tayari yuko chuo kikuu. Siku moja tunachambua mchicha akanisimulia alivyomwandikisha Marko shule. Mwalimu kashika kalamu, foleni nyuma yake, mume yuko lindoni, na hapakuwa na mtu wa kumtajia. Akasema, "Nikamtajia baba yangu mie. Gwaruda. Sasa mtoto wangu daftarini ni wa kwetu, na bomani ni wa kwao." Tulicheka mpaka mchicha ukamwagika. Nilihifadhi jambo lile kichwani, si kwa ubaya. Mie naweka kila kitu.

Kutoka Temeke nikapelekwa Goba miezi michache, ambako umoja ulikuwa umepata kiwanja mlimani cha kujenga nyumba ya wageni. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kibanda ili majirani waone kiwanja kina mwenyewe. Nilipanda maboga. Sina la zaidi kuhusu Goba, maboga yalikubali.

Niliporudi Kimara nikamkuta Katibu mpya, na Katibu mwenyewe ndiye Marko yule, mtoto wa Udahida. Nataka kuwa mkweli, maana nilisikia watu wakisema nilimchukia. Marko alikuwa mchapakazi. Paa la chumba lilikuwa linavuja, akaliziba. Tulikuwa hatuna mhuri, akatupatia mhuri. Lakini kulikuwa kumetokea watu wawili watatu waliojidai ni wa kwetu ili walale bure, na Marko jambo lile lilimkera sana. Akaja na fomu.

"Bibi, shikamoo. Kuanzia leo kila mgeni anajaza hii. Majina matatu ya mume, majina matatu ya mtoto. Anajitajia mwenyewe kwa mdomo wake, mie naandika. Akibabaika tunajua ni tapeli."

"Marahaba. Na mwanamke akifika kwenye jina la mkwe?"

"Ndiyo hapo hapo nataka kusikia. Mtu wa kweli anajua jina la ukoo alioolewa."

"Analijua kuliko wewe, mwanangu. Ndiyo maana halitaji."

Akacheka kwa upole, ule upole wa mtu mwenye kompyuta. "Bibi yangu, hizo ni mila za porini, hapa ni Dar. Mfumo haukubali mtu kutajiwa. Na hospitalini vilevile, wewe sindikiza, lakini dirishani kaa kimya. Tunaonekana washamba."

Nilikwenda kwa Mwenyekiti. Mzee Gidahola alikuwa amezeeka, sauti imepungua. Akaniambia, "Stazia, kijana ameziba paa. Mwache kidogo." Nikamwacha kidogo. Wageni waliofuata nilikuwa nawajazia fomu mwenyewe kabla Katibu hajatoka kazini, akifika anaikuta imekamilika, anafurahi.

Hapo ndipo alipokuja Udamisa.

Nilimpokea stendi ya Mbezi Luis, binti wa miaka kama ishirini na miwili, vikuku vya shaba mikononi, mgongoni kambeba mtoto wa miaka mitatu, Petro. Mtoto alikuwa na tundu kwenye moyo. Akilia midomo ilikuwa inabadilika rangi, kwa hiyo mama yake alikuwa ameishi miaka mitatu kwa kumzuia mtoto asilie. Baba wa mtoto, Gidabasa, alikuwa amehama na ng'ombe kuelekea kusini, simu haipatikani. Nilimpa maziwa, nikampa kiti, nikamuuliza mama yake, ndipo nikaomba barua ya rufaa, yaani barua ya daktari wa kule kumkabidhi mgonjwa kwa daktari wa huku.

Nikasoma polepole, nikapanda mlima wangu. Petro. Gidabasa. Nikafika la tatu, nikasimama.

Lilikuwa jina la baba mkwe wangu. Si mtu yule, mzee wangu alikufa zamani na ukoo ni mwingine, lakini jina ni lilelile, herufi kwa herufi. Kwetu haijalishi ni nani anayelibeba. Nikakunja karatasi.

Asubuhi yake tulikuwa dirishani. Karani ni yule yule wa siku zote, tulishazoeana. Udamisa akataja la kwanza, akataja la pili. Karani akanigeukia mie, vidole viko tayari.

"Haya Bibi. La tatu?"

Nikanyamaza.

"Bibi?"

Kimya.

"Ha! Leo Bibi kasahau!" akacheka, akamwita na mwenzake. "Njoo uone, mashine imekwama!"

"Sijasahau," nikasema.

Nyuma yetu baba mmoja akaguna, "Jamani, na sie tuna wagonjwa."

Udamisa akanitazama, akaona msaada haupo. Akasema kwa sauti ndogo, "Barda." Karani akaandika. Barda ni baba mzazi wa Udamisa.

Kosa hilo ni langu na silimbandiki mtu. Barua ya rufaa ilikuwa mkobani. Ningemsukumia karani akasoma kwa macho yake. Ningemwomba yule baba aliyeguna atusomee. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mdomo wangu unashindwa mbele ya watu, nikaona aibu, nikataka tuondoke. Nikajiambia tutasahihisha baadaye. Kadi sikuitazama. Mie, niliyewafundisha wengine kutazama kadi.

Petro akalazwa, akapimwa, akapangiwa upasuaji Alhamisi. Jumatatu Sista wa wodi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akatuita. Mkono mmoja kadi, mkono wa pili barua.

"Bibi, huyu mtoto ni mmoja au wawili?"

"Mmoja, Sista."

"Kadi inasema Petro Gidabasa Barda. Barua inasema mwingine. Vipimo vya huku vina jina hili, vya kule vina lile. Mie siwezi kumpeleka mtoto chumba cha upasuaji na majina mawili, akapewa damu ya mtu. Nileteeni barua ya viongozi wenu yenye mhuri, na mtu aende dirishani ataje jina sahihi. Mpaka Jumatano. Ikipita, Alhamisi nampa mtoto mwingine nafasi."

"Na Petro?"

Sista akavua miwani. "Bibi, usiniulize swali ambalo unaona jibu lake pale kitandani."

Barua ya mhuri ni ya Katibu. Jumanne jioni kamati ikakaa uani kwa Bi Zuhura, wanaume saba kwenye benchi na viti vya plastiki, Mwenyekiti katikati, Katibu na mafaili yake. Wodini tulimwacha Petro kwa mama wa kitanda cha jirani, na Udamisa akasimama mbele yao. Hakupewa kiti. Niliona hilo.

Marko akasoma kadi, akasoma barua, ila hakulisoma lile jina, aliligusa kwa kalamu tu.

"Wajumbe, mmeona. Karatasi zinapingana. Mwezi uliopita nilisema tutakuja kuutia mhuri wetu kwenye uongo. Mie si mkatili. Nataka kitu kimoja. Dada, taja jina la babu wa mtoto wako kwa mdomo wako mbele ya kamati. Ukitaja, nagonga mhuri sasa hivi. Ukishindwa, naomba uondoke chumbani kesho."

Jikoni kwa Bi Zuhura sufuria ilikuwa inachemka, tukawa tunaisikia.

Udamisa akainua uso. Niliyatazama macho yake nikajua ameshaamua. Alikuwa anakwenda kulitaja. Mtoto wake alikuwa wodini na midomo ya bluu. Angetaja jina la mkwe, angetaja la Mungu, angejitaja yeye mwenyewe mwizi. Akavuta pumzi, mdomo ukafunguka.

"Nyamaza, mwanangu!" nikasema.

Alishtuka, wote wakashtuka.

"Bibi, huna zamu ya kusema," akasema Katibu.

"Sina zamu, nina mdomo. Nimeajiriwa kwa huo." Nikasimama mbele ya Udamisa. "Kuna wanaume saba hapa. Hakuna hata mmoja ambaye jina lile ni la mkwe wake. Barua iko mezani, imeandikwa kwa wino mweusi, na wote mnajua kusoma kuliko mie. Basi kwa nini litajwe na mtu pekee hapa ambaye, ukiniondoa mie, hatakiwi kulitaja? Mnataka jina, au mnataka kumwona mwanamke wa Kibarbaig akivuliwa heshima yake uani kwa watu?"

"Bibi, hii si ishu ya heshima, ni utaratibu."

"Utaratibu wangu unaanza na maziwa na kiti. Wako umeanza na kumsimamisha mama wa mgonjwa."

Bi Zuhura akatokea mlangoni na mwiko. "Haya, na kiti hicho kwani ni cha nani? Si changu? Ondoka hapo, baba, mama wa watu akae." Akamwinua mjumbe mmoja, Udamisa akaketishwa. Wengine wakaanza kucheka, Marko akapandisha sauti.

"Wajumbe! Mtu asiyejua majina yake matatu hawezi—"

"Marko Gidamuna Gwaruda," nikasema.

Akanigeukia. "Naam?"

"Ndiyo majina yako matatu?"

"Ndiyo. Yako kwenye vyeti vyangu vyote."

"Gwaruda ni nani?"

"Babu yangu."

"Mzaa nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maziwa. "Mzaa baba. Bibi, tusipotezeane—"

"Mwenyekiti," nikamgeukia Mzee Gidahola, "wewe ulicheza na baba yake Gidamuna mkiwa wachungaji. Aliitwa Gwaruda?"

Mzee Gidahola alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, na sauti yake ya zamani ikarudi kidogo, "Yule aliitwa Magena. Gwaruda ni mzee wa upande wa mama."

"Marko," nikamuuliza, "mlipokuwa mnakwenda likizo kule bomani, mama yako alikuwa anamwitaje babu yako?"

Kijana alikaa. Kalamu aliiweka mezani. "Alikuwa anasema... mwenye boma. 'Mpelekee mwenye boma chai.' Sikuwahi kumsikia akisema vingine."

"Na shule nani alikuandikisha?"

Akautazama mhuri uliokuwa mezani. Sote tukaelewa.

"Alisimama dirishani kama huyu," nikamwambia, "kalamu ya mwalimu iko juu, na hapakuwa na mtu wa kumtajia. Akakupa baba yake, ndiye aliyeruhusiwa kumtaja. Umesoma kwa jina hilo, umeajiriwa kwa jina hilo, na mhuri huu umeupata kwa jina hilo. Kwa fomu yako wewe ni tapeli, mwanangu. Kwa utaratibu wetu ni mtoto wa mwanamke mwenye adabu. Chagua."

Sikusema kwa upole na sitajidai nilisema kwa upole. Baadhi yenu mliokuwepo mlinilaumu, kwamba nilimwaibisha kijana hadharani. Yeye alitaka kumfanyia nini yule binti, na wapi? Si hapohapo? Na binti hakuwa na mhuri wa kujikinga.

Marko akatoka nje akapiga simu. Tulimsikia anasema, "Shikamoo mama," kisha hatukusikia kitu, alikuwa anasikiliza tu. Aliporudi aliivuta karatasi, akaandika barua, na alipofika kwenye lile jina akalitamka polepole huku analiandika, kwa sauti ya kila mtu kusikia. Akagonga mhuri. Udamisa aliinamisha kichwa, na mie nikakiinamisha changu, maana lilikuwa letu sote wawili.

Jumatano saa moja tulikuwa dirishani watatu. Marko aliomba ruhusa kazini. Akasimama kushoto, nilipokuwa nasimama mie. Mama akataja la kwanza, akataja la pili. Marko akataja la tatu, mara moja, wazi, kisha herufi kwa herufi.

Karani akamkagua, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. "Na wewe braza ni nani wake?"

Marko akanitupia jicho. "Mdomo wake," akasema.

Nikaitaka kadi nikaisoma mpaka mwisho. Safari hiyo sikupumzika njiani.

Petro alipasuliwa Alhamisi. Siku ya tatu alilia, akalia kwelikweli, kwa nguvu, akitaka uji, na mama yake akasahau akamziba mdomo kwa mazoea. Sista akamwambia, "Mwache alie, mama. Sasa ni ruksa." Leo yuko shule huko Katesh na walimu wake wanamlalamikia kelele.

Fomu ipo hadi leo, sikuishinda yote. Lakini chini ya majina matatu Marko aliongeza mstari kwa mkono wake: jina hili laweza kutajwa na mtu yeyote anayelijua. Jina lake la tatu hakulibadilisha. Alisema la mama yake limemfikisha mbali, atabaki nalo.

Nimestaafu. Mpokezi sasa ni Neema, mjukuu wa Mratibu wa Temeke, hajaolewa, kwa hiyo majina yote ni yake. Akiolewa atapungukiwa na moja, kama mie, na nimeshamwambia siku hiyo ikifika amtafute mtu wa kumshikia zamu kabla hajafika dirishani. Mabinti wengine siku hizi wanaandika jina la mkwe kwenye simu wanamwonyesha karani. Wengine wanalitaja tu, wanacheka, wanaendelea. Siwagombezi. Aliyeliacha kwa hiari yake ni uhuru wake. Nilichokataa na ninachokikataa hadi sasa ni mtu kulazimishwa, kuambiwa na watu wasiogharimika chochote achague kati ya mtoto wake na adabu yake. Mkiniambia dunia imebadilika, nitawaambia na mie nilikuwa ndani yake ilipokuwa inabadilika, na nilikuwa nimesimama dirishani.

Haya nimeyaandika kutoka kichwani, sina daftari. Kama kuna mtu nimemkosea jina, au nimempa mjomba asiye wake, au ni Balang'dalalu nikasema Basotu, njooni Kimara uani kwa Bi Zuhura mnisahihishe. Nitawapa maziwa na kiti kwanza. Ila kuna jina moja humu sikuliandika, na wengi wenu mnalijua. Hilo msije kunikumbusha. Sijalisahau.